Baraza ya Nyumbani: Mlinzi Aliyeingia Bila ya Hodi



Ndugu wasomaji, baba na mama wa majumbani, na nyinyi vijana mnaosomewa ukurasa huu baada ya Isha: mwezi uliopita tulizungumza katika baraza hii juu ya madeni ya dukani na daftari la mkopo, tukasema kwamba kuandika hesabu ni sehemu kubwa ya uaminifu. Nilidhani mlango huo tumekwisha ufunga. Lakini haukupita muda ila pametokea hapa kwetu Chumbageni jambo lililonirudisha kwenye daftari lile lile, ingawa safari hii daftari lenyewe halikuwa la karatasi. Lilikuwa ndani ya kompyuta, na lililoliharibu halikuwa mchwa wala mvua ya masika, bali lilikuwa mchezo wa watoto. Nimeona yafaa nilieleze tangu mwanzo wake, kwani nyumba nyingi zina mashine hizi siku hizi, na lililompata mmoja laweza kumpata mwingine.

Yuko mama mmoja katika mtaa wetu, mjane, mtu wa haya na mwenye kuaminiwa, ambaye wenzake walimfanya mweka hazina wa upatu wao. Wote pamoja naye ni wanawake 24. Kila Ijumaa baada ya Alasiri kila mmoja hutoa Shs. 10,000, na mwenye zamu huondoka na Shs. 240,000. Kwa fedha hiyo huyu huezeka paa, yule hulipa ada ya mwanawe, na mwingine huongeza mtaji wa maandazi au wa khanga. Mama huyu aliziandika hesabu zote katika kompyuta kuukuu aliyomnunulia mwanawe kwa ajili ya masomo: nani ametoa, nani amechelewa, nani amekopeshwa katika mfuko wa dharura, na zamu ya nani yafuata. Wenzake walimsifu kwa unadhifu wa hesabu zake.

Mwanawe yuko kidato cha tatu. Mjomba wake anayekaa Maskati alikuja mapumzikoni akamletea kisanduku cha sahani za michezo ya kompyuta, ambazo watoto wake mwenyewe walizicheza zamani hata wakakua wakaziacha. Zilikuwa sahani halali, zilizonunuliwa dukani, kila moja katika kasha lake na kijitabu chake. Kijana akafurahi. Akatia moja katika mashine, mchezo wa mpira. Mashine ikaupokea, ikauweka, kisha ikakataa kuufungua. Akajaribu tena na tena. Kila mara aliambiwa atie sahani ya asili, ilhali sahani ya asili ilikuwa mle mle ndani.

Akaenda kwa vijana wenziwe Ngamiani. Wakamcheka, wakamwambia kwamba mchezo ule una kufuli la zamani, na kwamba katika intaneti upo ufunguo wa bure uliotengenezwa na wavunja makufuli. Ufunguo huo ulimtaka kwanza aizime programu ya kinga iliyomo katika kompyuta, ati kwa sababu kinga hiyo huudhania ufunguo kuwa ni adui. Kijana akaizima. Mchezo ukafunguka, akacheza siku mbili kwa raha yake. Siku ya tatu, nayo ilikuwa Alhamisi, mama alipoketi kutayarisha hesabu za kesho yake, alikuta kila faili limebadilika jina na halifunguki, na pembeni pana barua ya Kiingereza iliyodai fedha ili hesabu zirudishwe.

Kijana alipoona uso wa mama yake alisema: “Mama, mimi sikuiba kitu. Mchezo ni wetu, mjomba aliununua kwa fedha yake. Mashine ndiyo iliyonikatalia.”

Mama akamjibu: “Mwanangu, nakusadiki. Lakini kesho baada ya Alasiri niwaambie nini wenzangu?”

Habari hii ilipofika barazani, watu waligawanyika. Mmoja alisema kosa ni la mtoto, kwani alimfungulia mlango asiyemjua. Wa pili akasema kosa ni la mama, aliyeweka amana ya watu mahali pa kuchezea watoto. Wa tatu, mzee aliyefanya kazi ya forodhani miaka mingi, akanyamaza kidogo kisha akauliza: “Na yule aliyemuuzia mtu kitu, akakitia kufuli lisilomtambua mwenyewe, yeye hana sehemu?” Swali hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike. Jina la mchezo ule na la waliouuza siliandiki, kwani shabaha yangu si kumshitaki mtu, bali ni kufahamu. Na ili tufahamu, yatupasa kwanza tujue makufuli haya ni nini na yalitoka wapi.

Mtu akitaka kunakili kitabu kwa mkono huchukua miezi, na jicho huchoka na kalamu hukosea. Lakini programu ya kompyuta hunakiliwa kwa dakika chache, na nakala ya elfu haipungui chochote kwa ile ya kwanza. Kwa hiyo wenye kutunga michezo, ambao hutumia miaka na mali nyingi, waliona kazi yao ikienea bila ya wao kupata ujira. Wakatafuta njia ya kujilinda. Njia moja iliyotumika sana ilikuwa kutia katika sahani kasoro za makusudi, ambazo mashine za kawaida za kunakilia haziwezi kuzitoa sawasawa. Kisha pamoja na mchezo wakaweka programu ndogo, nayo ndiyo ninayoiita mlinzi. Kazi ya mlinzi ni kuzitafuta kasoro hizo kila mchezo unapofunguliwa. Akiziona hukaa kando, na asipoziona huzuia.

Hadi hapo jambo lina insafu yake. Lakini shida huanzia mahali mlinzi anapokaa. Programu za kawaida ni kama mgeni anayepokewa barazani: hupewa kiti, hupewa kahawa, wala haingii vyumbani. Mlinzi wa sahani hawezi kufanya kazi yake akiwa barazani, kwani mvunja kufuli atamdanganya. Basi walinzi wengi walifanywa kuwa draiva, yaani programu inayokaa ndani kabisa, pamoja na zile zinazoendesha viungo vya mashine yenyewe. Huyo ni mgeni aliyepewa ufunguo wa ghala. Akiwa na upungufu, upungufu wake huwa wa nyumba nzima, na mwizi akimshinda yeye amekwisha ishinda nyumba.

Nitaeleza mifano michache iliyo mashuhuri, mmoja baada ya mwingine.

Mfano wa kwanza watoka kwa ndugu zetu wa Pakistani. Katika mji wa Lahore walikuwako ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, wenye duka la kompyuta. Walitunga programu za matibabu, wakaona watu wanazinakili bila ya kulipa. Mwaka 1986 wakatunga programu ndogo iliyojiweka katika sehemu ya kwanza ya flopi, zile sahani laini za zamani, na ndani yake wakaandika majina yao, anwani ya duka lao na namba za simu, wakimtaka mwenye mashine iliyoambukizwa awasiliane nao apate dawa. Hawakujificha. Walidhani watamwonya mwizi tu. Lakini kitu walichokitunga kilijihamisha kutoka flopi hadi flopi bila ya kuuliza nani mwizi na nani si mwizi, kikavuka bahari, na simu zikaanza kulia Lahore kutoka Uingereza na Marekani. Kikaitwa Brain, nacho ndicho virusi vya kwanza vilivyojulikana vya kompyuta za aina ya IBM, ambazo ndizo asili ya nyingi tunazozitumia majumbani. Tazameni basi, wasomaji: virusi vya kwanza vya mashine hizi vilizaliwa katika kutafuta kulinda haki. Sidhani kama ndugu wale walikusudia shari. Lakini nia njema haikumzuia mbwa waliyemfungua asiume wapita njia.

Mfano wa pili ni wa sahani za nyimbo, si za michezo, lakini kufuli ni la jamii moja. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza Marekani sahani zenye mlinzi aitwaye XCP, aliyetengenezwa na kampuni ya Uingereza iliyoitwa First 4 Internet. Mnunuzi alipotia sahani katika kompyuta alionyeshwa mkataba, akiukubali mlinzi huingia, tena hujificha kabisa asionekane hata na mwenye mashine. Tarehe 31 Oktoba 2005 mtaalamu mmoja, Mark Russinovich, alitangaza kwamba amemkuta katika kompyuta yake mwenyewe. Alieleza kwamba mlinzi huyo huficha kila faili ambalo jina lake limeanza kwa alama fulani, na kwamba mtu akimtoa kwa nguvu, kiendeshi cha sahani huacha kufanya kazi. Haikupita hata wiki mbili, waovu wakaanza kuzipa programu zao majina yenye alama ile ile, wakapata maficho ya bure katika nyumba za watu. Katika mwezi huo wa Novemba kampuni ikaziita sahani zake zirudishwe. Mwezi wa Januari 2007 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ilifikia nayo mapatano, ambayo kwayo wanunuzi waliweza kubadilishiwa sahani, na walioharibikiwa mashine kurudishiwa gharama za matengenezo hadi dola 150.

Mfano wa tatu ni wa michezo yenyewe. Kutoka Urusi alikuja mlinzi aliyeitwa StarForce. Wachezaji wengi walilalamika kwamba huingiza draiva zake pasipo kuwaarifu, na kwamba hata mchezo ukiondolewa yeye hubaki, tena wengine walisema viendeshi vyao vya sahani vimekuwa vizito au vimeharibika. Watengenezaji wake walikanusha kwamba wanaharibu mashine. Hata hivyo mwezi wa Aprili 2006 kampuni ya Ubisoft, iliyokuwa ikimtumia, ilitangaza kuachana naye. Mwaka 2008 ukatoka mchezo uitwao Spore ukiwa na mlinzi aitwaye SecuROM, aliyemruhusu mnunuzi kuuweka katika kompyuta tatu tu. Mtu aliyebadilisha mashine mara chache alijikuta anaomba ruhusa ya kutumia mali yake. Watu walikasirika, kesi ikafunguliwa Marekani, na kampuni iliyouuza, Electronic Arts, ikaongeza idadi hadi tano. Na pamoja na kufuli lote hilo, mchezo huo ulikuwa miongoni mwa iliyoibwa sana mwaka ule. Mwizi alikwisha kulivunja kufuli, akacheza pasipo taabu. Aliyetaabika ni yule aliyelipa.

Mfano wa nne watuhusu zaidi sisi wa pwani hii. Mwaka 2010 Ubisoft ilitoa michezo, mmojawapo Assassin’s Creed II, ambayo haikukubali kuchezwa ila kompyuta iwe imeunganishwa na intaneti wakati wote, ili mlinzi akae mbali na kuangalia. Mwezi wa Machi mwaka huo mashine za kampuni zilishambuliwa, na watu waliokaa Ulaya, penye umeme na mtandao wa kila saa, wakashindwa kucheza mchezo walioununua. Sasa fikirini hali yetu. Mkonge wa kwanza wa intaneti chini ya bahari, ule wa SEACOM, ulifika Dar es Salaam mwezi wa Julai 2009. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa. Na hata baada ya kupata mikonge tumeona mnamo tarehe 12 Mei 2024 jinsi mikonge miwili, EASSy na SEACOM, ilivyokatika, na mtandao ukazorota Tanzania na nchi jirani. Programu inayotaka idhini kutoka ng’ambo kila inapofunguliwa, siku kama hizo haina budi kumtesa mwenyewe. Kufuli la namna hiyo limetengenezwa na mtu anayedhani kwamba umeme na mtandao haukatiki popote duniani.

Mfano wa tano ni wa mlinzi aliyekufa. Aliitwa SafeDisc, wa kampuni ya Macrovision, na alilinda michezo mingi ya miaka ya 1990 na 2000. Draiva yake ilisambazwa pamoja na Windows yenyewe, hata katika kompyuta isiyokuwa na mchezo hata mmoja. Mwaka 2007 ikagunduliwa kwamba draiva hiyo ina ufa ambao mtu mwovu aliyekwisha ingia barazani aliweza kupita nao hadi ghalani, na Microsoft ikatoa kiraka mwezi wa Desemba mwaka huo. Hatimaye, mwaka 2015, Windows 10 ilitoka ikiwa haimtambui mlinzi huyo tena, na Windows za kabla yake zikamfungia mwezi wa Septemba. Lilikuwa jambo la usalama, wala silaumu. Lakini natija yake ni kwamba michezo mingi iliyonunuliwa kwa halali ilibaki na kufuli ambalo mlinzi wake hayuko tena kulifungua. Mwenye nyumba anao ufunguo mkononi, na kitasa kimekwisha ng’olewa.

Sasa turudi kwenye swali la yule mzee wa forodhani. Mimi si mufti, na mwenye kutaka fatwa na aende kwa wanavyuoni. Lakini yako mambo yaliyo wazi, na tunaweza kuyakumbushana.

La kwanza ni haki ya mtunzi. Wako wasemao kwamba kunakili si kuiba, kwa sababu kilichonakiliwa hakikuondoka mahali pake, na kwamba hata wazee wetu wa Siyu na Lamu walinakili misahafu na vitabu. Ni kweli walinakili, na kazi yao ilikuwa ni ibada. Lakini mwenye kitabu alikupa kwa ridhaa yake, na ridhaa ndiyo inayotenganisha zawadi na wizi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao Jidda, katika mkutano wake wa tano uliofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sheria ya dini, na haifai kuzivamia. Na sheria ya nchi yetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo COSOTA ndiyo isimamiayo, huzilinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na nyimbo. Basi asitumie mtu makosa ya walinzi kuwa ni hoja ya kuhalalisha sahani za wizi zinazouzwa vichochoroni.

La pili ni haki ya mnunuzi. Katika Sura ya Nuru tumefundishwa tusiingie nyumba zisizo zetu hata tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Sisi watu wa pwani tumelifanya agizo hilo kuwa neno moja la kila siku: hodi. Mtu hupiga hodi hata kwa jirani aliyezaliwa naye, na asipojibiwa hurudi. Kompyuta siku hizi ni chumba katika nyumba. Zimo picha za familia, barua, hesabu, siri za watu. Anayetia ndani yake mtu wa kuchungulia, bila ya kumwambia mwenyewe, au kwa kumwambia katika karatasi ndefu ya maneno ya kisheria ambayo yajulikana hakuna asomaye, huyo amepita mlango wa uani. Kusema “namtafuta mwizi” hakumpi ruhusa. Na katika biashara, aibu ya bidhaa haifichwi. Muuza samaki hafichi waliooza chini ya wabichi, na muuza mchezo hapaswi kuficha kwamba pamoja na mchezo amekuuzia mlinzi atakayelala nyumbani mwako.

La tatu ni kanuni ambayo mafaqihi wameieleza sana, ya kwamba mtu hajiondolei dhara kwa kumtia mwenziwe dharani. Mwenye shamba anayo haki ya kuzuia wezi wa nazi. Lakini akichimba shimo katikati ya njia ya watu, akaanguka humo mtoto aendaye chuoni, hatasema kwamba alimkusudia mwizi. Kampuni ina haki ya kulinda kazi yake, kwa sharti ulinzi wake usimwumize aliyekwisha lipa.

Kwa hiyo mimi nasema kwamba kila mmoja katika kisa chetu ana sehemu yake. Muuzaji ana sehemu, kwa kuuza kitu kilichofungamana na mlinzi asiyedumu, bila ya kumwachia mnunuzi njia nyingine. Kijana ana sehemu. Kutaka kucheza mchezo wake halali hakukuwa kosa, ila aliizima kinga ya nyumba kwa neno la asiyemjua, na mashine ilikuwa na amana ya watu. Na mama ana sehemu ndogo, ya kutokuwa na nakala. Lakini mwenye sehemu kubwa kuliko wote ni yule mwovu aliyeandika barua ya kudai fedha, na tusisahau hilo katika kulaumiana.

Sasa nasaha, ili ukurasa huu usiwe wa masikitiko matupu.

Kwanza, mashine yenye amana ya watu isiwe ya mchezo. Ikiwa nyumba ina moja tu, mtoto afunguliwe jina lake la kuingilia lisilo na uwezo wa kuingiza programu mpya. Jambo hilo fundi yeyote wa kompyuta hulifanya kwa dakika chache, na hapo mtoto hawezi kumkaribisha mgeni bila ya mzazi kujua.

Pili, kila hesabu iwe na nakala mbili. Moja iwekwe katika flashi inayotolewa na kufungiwa kabatini kazi ikiisha, kwani flashi iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na mashine. Nyingine iwe ya karatasi.

Tatu, programu yoyote inayokutaka uzime kinga kabla ya kuiingiza, na ichukuliwe kuwa ni mgeni anayekutaka umfunge mbwa na kuzima taa kabla hajaingia. Mgeni wa namna hiyo harudiwi mara mbili kuulizwa.

Nne, mwenye mchezo wa zamani unaokataa asikimbilie makufuli yaliyovunjwa. Liko duka la mtandaoni la Poland liitwalo GOG, lililoanza mwaka 2008, ambalo huuza michezo mingi ya zamani iliyotengenezwa ifanye kazi katika mashine za sasa, bila ya mlinzi yeyote. Na mwenye kompyuta kuukuu iliyokaa stoo anaweza kuitenga iwe ya sahani za zamani, bila ya kuiunganisha na intaneti.

Tano, yakikufika yaliyomfika mama yetu, itoe mashine katika mtandao mara moja, wala usifanye haraka ya kulipa, kwani anayelipa hana dhamana kwamba atafunguliwa. Toa habari polisi. Usifute mafaili yaliyofungwa. Tangu mwaka 2016 uko mradi uitwao No More Ransom, ulioanzishwa na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, ambao hutoa bure funguo za baadhi ya makufuli ya namna hiyo. Faili lisilofunguka leo huenda likapata ufunguo wake baadaye.

Nimalizie kwa habari za mama mwenyewe, kwani najua mnangoja.

Ijumaa ile hakungoja aulizwe. Wenzake walipokwisha keti aliwaambia yote kama yalivyokuwa, na mwanawe amesimama mlangoni anasikia. Palikuwa na manung’uniko, na wale tisa ambao zamu zao hazijafika ndio waliofadhaika zaidi, na haki yao. Kisha mmoja akatoa simu yake, akaonyesha ujumbe wa fedha alizotuma kwa wiki zote. Mwingine akaenda kuleta kijidaftari. Bibi mmoja asiyejua kusoma wala kuandika akawaita wote nyumbani kwake, akawaonyesha ukuta wa jikoni, ambapo kila Ijumaa alikuwa akichora mstari mmoja wa mkaa, na mstari mrefu kwa kila zamu iliyotoka. Walihesabu mistari ile mara tatu. Ilikuwa sawasawa, haikuzidi wala haikupungua.

Kwa Ijumaa tatu walikusanya vipande hivyo hata hesabu ikarudi, isipokuwa Shs. 30,000 ambazo mmoja alisema amezitoa na hapakuwa na ushahidi wa kumsadiki wala wa kumkanusha. Mama akasema atazilipa yeye. Mwanawe akamwambia: “Hapana, mama, hizo ni zangu.” Likizo ilipofika alibeba mizigo sokoni, akazileta kidogo kidogo mpaka zikatimia. Mjomba wa Maskati alipopata habari alitaka kuzituma yeye mara moja, kijana akamshukuru akakataa. Upatu unaendelea, Alhamdulillahi. Hesabu sasa ziko katika daftari kubwa la jalada gumu, kila mwenye kutoa hutia sahihi yake, na yule bibi hutia mstari wake.

Mwezi ujao, tukijaaliwa uhai, tutazungumza juu ya kuandika wosia, jambo ambalo wengi wetu huliahirisha mpaka likawapita. Mwenye swali na alilete barazani.

Wassalaamu alaykum.